Swali la Mwanafunzi Wangu

Mwanafunzi wangu mmoja, hodari wa fizikia, aliniuliza: "Mwalimu, nikibobea katika nyuklia, nitafanya kazi wapi?" Nilimjibu kama mzazi aliyechoka: "Omba kazi benki kwanza." Alishukuru, akaondoka. Jibu hilo linanisuta hadi leo.

Maana historia naijua. Mwaka 1907 Lise Meitner alifika Berlin, akafanya utafiti bila mshahara katika chumba kilichokuwa karakana ya seremala, kwa kuwa maabara za juu zilikuwa za wanaume. Mwaka 1938 aliwakimbia Wanazi. Mwishoni mwa mwaka huohuo, yeye na Otto Frisch wakaeleza jinsi kiini cha atomu ya urani kinavyopasuka. Tuzo ya Nobel alipewa Otto Hahn peke yake.

Nasi je? Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, Kongo. Kinshasa ilipata kinu cha utafiti mwaka 1959, kabla ya uhuru. Madini tunayo, vijana tunao. Subira ya Meitner ni ya kusifiwa, lakini taifa lisiigeuze kuwa sera ya ajira.

Juzi nilikwenda kutoa fedha. Aliyenihudumia dirishani alikuwa mwanafunzi yule. Aliniamkia kwa heshima: "Shikamoo, Mwalimu." Sikuweza kumtazama machoni.