Maji ya Nyegina Hayangoji Nyuzi 100

Ufundishaji shirikishi wa fizikia chuoni humtaka mwanafunzi abashiri jibu na kulitetea kabla mhadhiri hajalitoa. Ukizingatia utamaduni wake, swali lenyewe hutoka katika mambo aliyoyaona tangu utoto.

Ughaibuni shughuli hii imepangwa hadi dakika. Eric Mazur wa Harvard aliianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, alipogundua kwamba wanafunzi wake, hodari wa kukokotoa, hawakuweza kueleza ni kipi husukumwa kwa nguvu kubwa zaidi lori zito linapogongana na gari dogo. (Nguvu ni sawa, na kanuni hiyo ya Newton kila mmoja wao angeweza kuitaja bila kufungua kitabu.) Mwanafunzi mmoja alimuuliza kama ajibu alivyofundishwa au anavyofikiri siku zote. Tangu hapo swali huonyeshwa kwenye skrini, kila mtu huchagua jibu kimya kimya, kisha humgeukia jirani na kubishana naye. Ukumbi wa mamia ya watu huvuma kama mnada wa ng'ombe. Dakika chache baadaye kura hupigwa tena, na mara nyingi waliopata huwa wameongezeka kabla profesa hajasema neno. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake alilinganisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000: kozi za mihadhara mitupu ziliziba wastani wa asilimia 23 ya pengo la uelewa, zile shirikishi asilimia 48.

Nyumbani Tanzania ni ubao, desa za kukariri na sapu za kurudia mtihani, na anayeelemewa anadisko, yaani anaondolewa chuoni.

Na kinachouma ni kwamba Tanzania ilishampata mwanafunzi aliyethubutu kutetea alichokiona. Mwaka 1963, Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, aliona maziwa yake ya aiskrimu aliyoyaweka kwenye friza yakiwa ya moto yakiganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amejichanganya. Baadaye, katika shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, huku wenzake wakimcheka. Osborne alirudi Dar, akaagiza jambo hilo lipimwe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanalibishania hadi leo.

Nyegina, kijiji cha mkoani Mara kando ya Ziwa Victoria, ina maswali kama hayo kila upande. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya ugali huko huchemka karibu nyuzi 96. Mwanafunzi anayesoma 96 kwenye kipimajoto chake kisha akaandika 100 kwa sababu ndivyo kitabu kinavyosema, amefundishwa kutoyaamini macho yake. Bibi yeyote wa pale anajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani na usiku hutoka nchi kavu. Wavuvi wa tanga wametegemea hilo miaka nenda miaka rudi. Ardhi hupata joto na kupoa upesi kuliko maji, na hapo pana somo zima la joto mahususi. Wavuvi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki vizuri: kipindi cha ukali wa mwanga hicho. Nyuzi za litungu, ala ya muziki ya Wakurya, hutosha kufundishia mawimbi kabla ya mlinganyo wowote kuandikwa. Butiama, jirani tu, kuna chuo kikuu cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, aliyebatizwa Nyegina mwaka 1943 na ambaye katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, alitaka shule isimtenge mtoto na maisha ya kijiji chake.

Ugumu wa kwanza uko kwenye lugha. Mbinu ya Mazur huishi kwa mabishano ya majirani, na vijana wa Mara hawabishani kwa Kiingereza. Wakilazimishwa, huishia kutikisa vichwa. Mhadhara ubaki kwa Kiingereza ikibidi, lakini dakika zile za mjadala ziachiwe Kiswahili, hata Kijita cha nyumbani.

Fedha si kizuizi. Mbinu hii hufanyika pia bila vifaa vya umeme, kwa kuinua mikono au kadi zenye herufi. Kigumu zaidi ni mtihani: ukiendelea kudai fasili na fomula tu, mwanafunzi mwenye akili timamu ataacha mjadala na kurudi kwenye desa. Kwa hiyo swali la upepo wa ziwani halina budi kuwamo kwenye karatasi ya mwisho, na kupewa alama zinazolingana na za fomula.