Pikipiki ya Katekista



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia pikipiki. Walioko hapa Babati hawatashangaa, kwa maana mji wetu umekaa njia panda, barabara ya Arusha ikikutana na zile za Dodoma na Singida, na sauti ya kwanza tuisikiayo alfajiri, kabla hata ya kengele, ni ya bodaboda. Lakini tunayotaka kuyasimulia ni kosa letu wenyewe.

Pikipiki ya zamani ya parokia ilikuwa imechoka kabisa. Jumuiya ndogondogo zikachanga kwa miezi kadhaa, wengine wakileta fedha, wengine debe la mahindi au la mbaazi, kisha Baraza la Walei likatukabidhi jukumu la kuchagua nyingine. Kazi yake ilijulikana: katekista wetu aitumie mjini na kandokando yake, Maisaka, Singe, hata Bonga, akifundisha na kuwatembelea wagonjwa.

Tukiri kwamba tulikwisha kuchagua moyoni kabla ya kukabidhiwa fedha. Tangu siku za seminari tumezipenda zile pikipiki za barabarani zisizofunikwa kwa makava, ambazo injini yake huonekana wazi. Tukasikia kwamba Arusha, mwendo wa kilomita 170 hivi kutoka hapa, inauzwa Honda CB400 Super Four iliyotumika, kwa bei ambayo ingeumaliza karibu mfuko wote. Tukamchukua katekista, tukapanda basi.

Chombo hicho kina sifa zake, wala hatutaki kukionea. Kilianza kutengenezwa Japani mwaka 1992. Kina silinda nne, ujazo wa cc 399, injini hupozwa kwa maji, na breki zake ni za diski mbele na nyuma. Hiyo 399 haikuja kwa bahati: nchini Japani leseni ya pikipiki ya kawaida huishia cc 400, nao watengenezaji waliijaza nafasi hiyo mpaka karibu na ukingo. Ni chombo kilichoundwa kwa kufuata sheria na barabara za kwao.

Tuliikalia, tukaiwasha, ikanguruma kwa utulivu kama mtu mwenye nguvu asiye na haja ya kujionyesha. Kisha tukamwomba katekista naye aikalie. Miguu yake ilifika chini vizuri. Lakini muuzaji alipomwambia aizime na kuirudisha nyuma, juu ya kokoto za ua ule uliokuwa na mwinamo kidogo, mambo yalibadilika. Pikipiki hiyo inakaribia kilo 200, na katekista wetu ni mwembamba aliyekwisha kuvuka miaka hamsini. Ikamlalia upande mmoja. Kama tusingeidaka sisi na muuzaji, ingemwangukia mguuni.

Alijifuta jasho, akasema kwa upole, "Baba Paroko, ni nzuri kweli. Lakini hii ni yako."

Tukamjibu, "Mwalimu, utaizoea."

Akanyamaza. Hatukulipa siku ile, tukasema tutarudi. Ukimya wake ulitusindikiza njia nzima hadi Babati.

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usiku ule methali hiyo ilitunyima usingizi. Tulikuwa tumeona kilo 200 kuwa nyepesi kwa sababu hazikuwa mikononi mwetu. Tena, lililo baya zaidi, tulijua kwamba kama tungeinunua, angeipokea, angeshukuru, na angeteseka nayo, kwa kuwa hajazoea kumkatalia paroko wake. Mtu wa namna hiyo yafaa aulizwe mara mbili, na mara ya pili aulizwe na mtu aliye tayari kukatazwa.

Basi asubuhi tulimwita, tukamuuliza upya: kama fedha zingekuwa mikononi mwako, ungenunua ipi? Hakusita. "Boxer 150, Padre. Nikikwama Bonga, fundi yupo. Kebo ipo, plagi ipo."

Tulikaa naye tukapima. Boxer ina silinda moja inayopozwa kwa upepo, plagi moja, kabureta moja, na uzito wa kilo 120 hivi. Honda ile, kama zilivyo zile za miaka yake ya mwanzo, ina kabureta nne zinazopaswa kuvuta kwa ulinganifu, kazi inayohitaji vifaa ambavyo fundi wa chini ya mti hana. Zaidi ya hayo, mwendo unaoruhusiwa mjini ni kilomita 50 kwa saa, nayo nguvu yote ya silinda nne ingelala kati ya tuta moja na jingine. Hatukuficha udhaifu wa Boxer pia: breki zake za ngoma zahitaji kukazwa mara kwa mara, na kwenye barabara kuu, upepo wa lori linalopita huitikisa.

Kuhusu breki tuna neno kwa vijana wetu. Wengi wamefundishwa kwamba breki ya mbele hupindua, hivyo huilegeza kebo yake na kutegemea ya nyuma peke yake. Mwaka jana tulimzika kijana mmoja ambaye pikipiki yake, fundi alipoichunguza, ilikutwa hivyo. Ukweli ni kwamba unapofunga breki uzito husogea mbele, na tairi la mbele ndilo lishikalo zaidi. Zibanwe zote mbili taratibu, chombo kikiwa wima. Tena mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama baada ya kufunga breki huwa karibu mara nne. Hesabu hiyo haimjali aliye hodari wala aliye mgeni.

Tulinunua Boxer. Fedha zilizobaki zilitosha kofia ngumu mbili, maana abiria naye ana kichwa, na koti la mvua. Nyingine tulizirudisha mfukoni mwa parokia mbele ya Baraza.

Yule mjenzi wa mnara katika Injili hufundishwa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tumejifunza, kwa aibu kidogo, kwamba fedha si gharama yote. Ninyi wazazi mnaowachagulia watoto masomo, ninyi viongozi mnaowanunulia wengine vyombo vya kazi, ulizeni kwanza ni mikono ya nani itakayosukuma, kisha mngoje jibu.

Juzi jioni mvua ilinyesha, tukaitwa kwa mgonjwa huko Singe. Tulipofika kwa gari, pikipiki ya katekista ilikuwa imekwisha kuegeshwa chini ya upenu, na injini yake ilikuwa imepoa.