Yai ya Kwanza Ni ya Nani?

Kwetu Bushi, wazee wanasema kuku inazaa mbuzi, na mbuzi inazaa ng'ombe. Maana yake ni rahisi: uza kuku chache, utapata mbuzi; uza mbuzi, iko siku utafikia ng'ombe. Vita za 1996 na 1998 zilipopita, ng'ombe nyingi za Kivu ya Kusini zilikuwa zimeibwa, na jamaa nyingi zilirudi kwenye ngazi ya kwanza. Sisi pia tulianza upya na kuku moja.

Ile kuku tuliipata kwa njia ya kugawana. Jirani anakupa tetea yake uchunge; ikiangua, vifaranga munagawana nusu kwa nusu. Hakuna karatasi wala shahidi. Koko, mama ya baba yangu, ndiye alinifundisha kuichunga, na mpaka leo, katika kiparseli changu cha Bukavu, ninafuata mafundisho yake.

Kwanza kiota. Koko alichukua kitunga kizee, akatia majivu chini juu ya utitiri, kisha nyasi kavu. Mayai aliweka kumi ao kumi na mbili, hayakupita pale, kwa sababu kuku hailalie isichoweza kufunika. Siku ya saba, usiku, mimi ninaangalia kila yai mbele ya torshi: lenye mishipa ya damu linarudi, lililo wazi kama maji ninalitoa. Siku ya 21 vifaranga vinatoka.

Siku ile ya kwanza usivisumbue na chakula. Bado viko na kiini cha yai tumboni. Vinachohitaji ni joto ya mama yao. Hapa Bukavu, kwenye mita karibu 1500, mvua ya baridi inaua vifaranga kuliko mwewe. Kesho yake unawapa mahindi ya kusagwa kidogo na maji safi ndani ya kisahani kifupi, visizame. Kwa nyama, koko alifunika chungu chenye majani makavu na mavi ya ng'ombe yenye maji juu ya kichuguu. Asubuhi kilikuwa kimejaa mchwa.

Lakini kuna jambo moja ambalo koko hakuwa na dawa yake: pesti ya kuku, ile wanganga wa mifugo wanaita Newcastle. Ikiingia, inaweza kumaliza kuku za kartiye nzima katika siku chache. Wazee walisema ni kijicho. Leo tunajua ni virusi, na chanjo iko: tone moja ndani ya jicho, na kurudilia kila miezi mitatu ao mine. Haiponyeshe kuku iliyokwisha kugonjwa. Ni ya kutangulia. Chupa moja inatosha kuku nyingi, ndiyo maana majirani tunachanga pamoja. Ni ile desturi ya kugawana, imevaa nguo mpya.

Mwezi wa sita hivi, upanga wa kichwa unakuwa mwekundu, kuku inazungukazunguka pembe za nyumba, inaimba. Kisha siku moja unakuta yai kadogo, kenye joto.

Hapo ndipo penye maneno. Katika makabila mengi ya Kongo, mwanamke alikatazwa kula kuku na mayai. Firigisi ilikuwa ya baba. Kwangu, binti yangu wa miaka tisa ndiye alifunga vifaranga kila magaribi na kuvinywesha kila asubuhi. Yai ya kwanza ilipotokea, shangazi alikuwa amekuja kutusalimia.

— Mutoto mwanamuke hakulake yai, mwana wangu. Atazaa je?

— Shangazi, ni yeye alichunga.

Hapa kwetu, ndugu msomaji, bwaki tunaijua kwa macho: mtoto anavimba miguu, nywele zinageuka rangi, na kumbe bugali alishiba. Kilichokosa ni vyakula vya kujenga mwili. Yai ingekuwa karibu naye, lakini inaenda sokoni, ama kwa mgeni, ama kwa baba.

Sisemi tutupe desturi. Katazo la kumaliza mayai yote lina akili: bila mayai ya kulalia, kuku zitaisha. Kuku ya mgeni nayo ni heshima yetu. Lakini katazo linalomnyima chakula yule aliyekifanyia kazi halichunge ukoo, linaudhoofisha.

Shangazi alinyamaza muda mrefu. Kisha akamwita mtoto:

— Basi, kula, mama. Lakini zenye zitafuata, uache za kulalia.

Hiyo ndiyo sheria tunayofuata nyumbani kwangu sasa.