Katoro, Ambako Injini Haizikwi

Ukitoka Mwanza kwenda Katoro siku hizi husubiri tena kivuko pale Kigongo. Daraja la kuvuka hadi Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025, nasi tulilimaliza kabla hata hatujafungua chupa ya chai. Kisha Sengerema, kisha Geita mjini, halafu ile barabara ya kwenda Bwanga, na ndipo penye Katoro.

Tulikuwa akina mama wanne tuliotumwa na wenzetu wa kanisani. Tulitakiwa tuchukue vigoda 12 vya watoto wa shule ya Jumapili, majiko 2 na masufuria makubwa 3 ya karamu. Vyote tulikuwa tumeviagiza kwa simu kwa fundi mmoja anayesifika kwa bei nafuu.

Katoro ni mji wa biashara, vumbi na pikipiki. Pande zote kuna wachimbaji wadogo wa dhahabu, na penye wachimbaji pana injini: za kuvuta maji mashimoni na za kuendesha makarasha yanayosaga mawe. Injini hizo hazipumzishwi, basi hufa mapema. Mwenyewe huchomoa kinachofaa, na mwili uliobaki huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Fundi wetu ni kijana, baba wa watoto wawili. "Shikamooni, mama zangu," alitupokea, akatukalisha juu ya kazi zake mwenyewe. Kigoda chake ni hivi: chini ni gia kubwa iliyolazwa, katikati kipande cha bomba kilichochomelewa, juu ubao wa mninga. Kizito! Tuliwaza watoto wetu wanaopenda kubembea na viti ibada ikiendelea, tukacheka. Meza yake ilisimama juu ya lile gurudumu zito linalozunguka ubavuni mwa injini. Majiko aliyatengeneza kwa rimu za gari, na jiko la namna hiyo, mama, utamwachia mkweo. Tulikumbuka kwamba hata kengele iliyotuita darasani utotoni ilikuwa rimu iliyotundikwa mtini.

Kazi hii si ngeni huku. Zamani Warongo waliyeyusha mawe ya chuma katika nchi hii hii, na majembe yao yalinunuliwa hadi Usukumani. Leo vijana hawahitaji mawe. Springi ya lori inatosha kutoa panga.

Nyuma ya banda ndiko tulikokuta masufuria. Palikuwa na tanuri dogo la mkaa lenye feni, kalibu za mchanga mweusi, na rundo la pistoni, maganda ya gia boksi na rejeta kuukuu. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 tu za Selsiasi, ndiyo maana mkaa unaiweza. Chuma hutaka zaidi ya 1,500. Kwa hiyo kigoda kinabaki chuma kilekile kilichooshwa mafuta, lakini sufuria ni mchanganyiko wa kila kilichoangukia tanurini.

Hapo sisi tuliosomea uuguzi tulinyamaza. Baadhi ya bushi za ndani ya injini zina madini ya risasi, na maungio ya rejeta za zamani pia. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo ya vyombo 42 vya alumini ya namna hii kutoka nchi 10, Tanzania na Kenya zikiwemo. Walichemsha ndani yake maji yenye ukali wa siki kwa saa 2, na karibu theluthi moja ya vyombo vilitoa risasi ya kutosha kudhuru. Mboga ya nyanya na ndimu nazo zina ukali. Risasi haina harufu wala ladha. Humdhoofisha mtoto akili polepole, na kwa mjamzito huvuka hadi tumboni.

Mwenzetu mmoja hakukubali. "Sisi sote tumekuzwa na sufuria hizi," alisema, "na za dukani ni bei gani?" Alikuwa na haki ya kuuliza, maana fedha zilikuwa za kikundi na hazikutosha.

Mke wa fundi alikuwa ameketi hatua tatu kutoka tanurini, mtoto mgongoni, mwingine akichezea majivu. Tulianza na yeye. Tulimwomba awahamishe watoto upande upepo unakotokea, awanawishe kabla ya kula, na mumewe aache nguo za kazi nje ya chumba wanacholala.

Kisha tulimweleza fundi. Alikuwa amekwisha kusubu sufuria moja kwa agizo letu, na mkaa wake umeungua. Tulimlipa hiyo moja kamili. Mbili tulizibadilisha kwa majiko mengine mawili, na masufuria ya bati la kiwandani tutanunua taratibu. Lile alilosubu limekaa sasa mlangoni pa jiko la kanisa, tunawekea mkaa.

Alihesabu fedha, akazikunja, akatutazama. "Mama zangu," aliuliza, "na yale niliyokwisha kuyauza?"

Hatukuwa na la kumjibu. Nyuma yake mkewe alikuwa ameshika mkeka na mkono wa mtoto, anavuka kwenda upande wa pili wa uwanja.