Mwendo wa Mtoto



Wapendwa waamini, sisi tunaoishi Sakina huamka kila siku tukiwa tumepewa mlima wa kuutazama. Kabla magari ya barabara ya Namanga hayajaanza makelele yake, Meru huwa umekwisha kusimama pale, mita 4,566 juu ya usawa wa bahari. Hata hivyo wengi wetu tumebatizwa, tumefunga ndoa na kuzeeka chini yake bila kuukanyaga. Paroko wenu naye alikuwa miongoni mwao, hadi mwezi wa Julai uliopita.

Tulikuwa wanne: sisi, mdogo wetu, mkewe, na mtoto wao wa mwaka mmoja na miezi minane. Likizo hiyo ilikuwa imeahirishwa mara tatu, na mara zote tatu sababu ilikuwa sisi. Mara misiba, mara semina, mara ujenzi wa kanisa la kigango. Mdogo wetu hakulalamika. Aliacha tu kuuliza, nasi tukadhani ameelewa.

Siku ya kwanza tulikwenda Ziwa Duluti, pale Tengeru. Ni ziwa dogo lililojaa ndani ya kreta, limezungukwa na msitu, na maji yake yametulia kama ya kisima. Tulipanda mtumbwi. Jaketi okozi la mtoto lilimmeza hadi masikioni, akabaki macho tu. Akalia kidogo, kisha akamwona mdiria akichupa majini na kuibuka na samaki, akanyamaza. Baada ya kitambo, kwa mlio wa makasia, akasinzia kifuani mwa mama yake. Tulikumbuka jinsi Mwinjili Marko anavyosimulia kwamba Bwana alilala chomboni, kichwa chake juu ya mto. Tumelihubiri somo hilo miaka mingi, daima tukisimama upande wa dhoruba. Siku ile, kwa mara ya kwanza, tulitafakari usingizi wenyewe: mtu hulala hivyo anapowaamini walioshika makasia.

Kesho yake tulifika lango la Momella katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Tulikusudia kupanda hadi vibanda vya Miriakamba, kiasi cha mita 2,500, tulale huko usiku mmoja, kisha turudi. Kileleni hatukuwa na nia ya kwenda. Askari wa hifadhi alitangulia na bunduki yake, maana nyati wa Meru hawana mzaha. Mdogo wetu alibeba begi kubwa, sisi begi la chakula, na mama mtu akamfunga mwanawe mgongoni kwa khanga, akikataa mkoba wa kisasa wa kubebea mtoto aliokuwa ameazimwa na jirani.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Twiga walitutazama kwa mbali, mbega wakaruka juu ya vichwa vyetu na mikia yao meupe. Tulipita chini ya ule mtini maarufu ambao shina lake limefanya upinde, hata gari hupita katikati. Mtoto alitaka kushuka, akashushwa. Akataka kuokota kila jani, kila jiwe, na kila kinyesi cha tembo. Hatua kumi zikachukua robo saa. Hapo subira yetu ikaanza kupungua.

Kisha ukungu ukashuka, na manyunyu ya baridi pamoja nao. Mtoto alirudishwa mgongoni, akanyamaza, na ule haukuwa unyamavu wa mtumbwini. Alikataa uji. Mikono yake ikawa baridi. Mama yake akasema kwa sauti ya chini, “Shemeji Padre, turudi.” Nasi, wapendwa, tulijibu, “Tumebakisha kidogo tu.” Hatukuwa tunajua tumebakisha kiasi gani. Tulichojua ni kwamba tulikuwa tumewatangazia watu parokiani kuwa tungelala Miriakamba.

Tukaendelea labda nusu saa. Ndipo mdogo wetu aliposimama, akatua begi, akasema bila hasira: “Kaka, sisi tumekungoja miaka mingi. Leo mngoje mtoto.”

Hatukuwa na jibu. Askari akageuza uso wake kuelekea tulikotoka, akasema, “Padre, mlima hauhami.” Tukarudi. Mdogo wetu alimbeba mwanawe ndani ya koti lake, kifua kwa kifua, na sisi tukabeba mabegi mawili. Usiku ule, nyumbani Sakina, mtoto alikunywa mchuzi wa moto, akacheka, akalala. Haikuwa zaidi ya baridi na uchovu. Lakini ingaliweza kuwa zaidi, nasi ndio tungalikuwa chanzo.

Katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 33, Yakobo na Esau wanakutana baada ya miaka mingi ya kutengana. Esau anataka waongozane. Yakobo anamwomba atangulie, kwa kuwa watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Yeye atakwenda polepole, kwa kadiri watakavyoweza. Tulikuwa tumezoea kuyaona maneno hayo kama hila nyingine ya Yakobo. Huenda ni hila kweli. Lakini pia ni maneno ya baba anayejua kwamba kundi likienda kwa mwendo wa mwenye nguvu, wapo watakaoachwa njiani.

Tunajiuliza, na tunawauliza nanyi: nyumbani mwenu nani anatembea nyuma? Ni mzee asiyesikia vizuri, mke aliyechoka kusema, au mtoto anayetaka kuonyesha jani lake wakati ninyi mnatazama saa? Na parokiani je, ni wangapi tumewaacha kwa kuwa tulikuwa tumetangaza tutafika?

Mdogo wetu amekwisha kuuliza habari za likizo ijayo. Tumeandika tarehe kwa wino, na tunawaomba mtusaidie kuilinda. Tukifika tena kwenye ule mtini, mtoto ataokota majani yote anayoyataka.

Bwana awajalie Jumapili njema na subira majumbani mwenu.

Paroko wenu