Kidole Changu na Stroberi za Bibi

Mwezi uliopita msikiti wetu ulitarajia wageni, nami, nikiwa katibu wa kamati, nikakabidhiwa jukumu la kununua matunda. Nilisimama Soni, kando ya barabara ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, mbele ya bibi mmoja aliyepanga vikopo vya stroberi mezani. Nikamwamkia, kisha nikaanza kubonyeza kwa kidole gumba, kikopo baada ya kikopo, nikitafuta zilizo ngumu.

"Mwanangu," akasema, "ukizibonyeza zote, nitamwuzia nani?"

Nikamjibu kwa elimu yangu ya chuo. Nilimsimulia jinsi Mtume (s.a.w.) alivyotia mkono ndani ya lundo la chakula, vidole vyake vikakuta unyevu, akamkemea muuzaji kwa kuificha sehemu iliyolowa mvua. Basi mnunuzi, nikasema, ana haki ya kukagua.

Bibi alinisikiliza kwa adabu. "Haki unayo," akasema. "Lakini nafaka haichubuki."

Nilinunua vikopo viwili nikaondoka. Nilipopita tena alasiri, vikopo sita nilivyovibonyeza vilikuwa vingali mezani. Stroberi zilikuwa na mabaka meusi, na maji mekundu yametuama chini.

Baada ya Isha nilimweleza kijana mmoja wa msikitini kwetu aliyesomea kilimo. Alinifahamisha kwamba wataalamu hupima ugumu wa stroberi kwa kifaa kiitwacho penetrometa: kijiti chenye ncha bapa husukumwa ndani ya tunda, na nguvu iliyotumika husomwa kwa nyutoni. Huchukua matunda machache tu ya sampuli, yote yakiwa na joto moja, kwani tunda lenye joto hulegea. Lililotobolewa haliuzwi tena. Ngozi ya stroberi ni nyembamba, na kadiri inavyoiva, pektini inayozishikamanisha seli zake huyeyuka. Ukiibonyeza, seli hupasuka, maji huvuja, na ukungu wa kijivu hupata mlango. Ukishaingia tunda moja, huwaenea jirani zake.

"Sasa mnunuzi atajuaje?" nikamwuliza.

Akasema macho na pua vyatosha. Majani ya kikonyo yawe mabichi. Ngozi ing'ae, nyekundu hadi shingoni, kwa sababu stroberi ikishachumwa haizidi utamu. Harufu iwe safi. Kisha kiinue kikopo utazame chini, maana huko ndiko uharibifu hujificha.

Usiku ule sikulala vyema. Katika fikihi nilisoma kwamba mwenye kuharibu mali ya mwenziwe hulipa, hata kama hakukusudia. Mtihani wa somo hilo niliufaulu. Mezani kwa bibi niliufeli. Nilikumbuka haki ya mnunuzi, nikasahau haki ya muuzaji.

Kesho yake nilirudi Soni nikamlipa vikopo sita. Kwanza alikataa, akidai kwamba riziki ni ya Mungu. Nilipomwambia kwamba hilo ni deni langu wala si sadaka, akapokea.

Ndugu zangu, tunapofuatana na watoto wetu sokoni, tuwafundishe kukagua, maana kughushi kupo. Tuwafundishe pia kwamba tunda lisilolipiwa bado ni mali ya mtu.

Siku hiyo nilinunua kikopo kimoja. Kabla sijanyoosha mkono, bibi alikiinua mwenyewe juu ya macho yangu, akatabasamu: "Tazama chini, mwanangu."

Kilikuwa kikavu.