Redio Yenye Watu Ndani

Ming'oko haitaki haraka. Unaichemsha, unaimenya kwa vidole, unachovya kwenye chumvi yenye pilipili, unatafuna taratibu huku mtu mwingine akiongea. Ndivyo tulivyokuwa tumekaa jioni ile mjomba wangu aliporudi kutoka Unguja, miaka ya 1970, kijijini kwetu upande wa Newala. Alikwenda kuchuma karafuu, kama vijana wengi wa Kimakonde wa wakati ule. Wenzake walishika njia ya Tanga kukata mkonge. Akarudi na shati la maua, doti moja ya khanga kwa bibi, na habari iliyomfanya aitwe mwongo mpaka anaingia kaburini: kule Unguja kuna redio yenye watu ndani.

"Wana rangi?" akauliza mzee mmoja.

"Wana rangi zao zote. Hata meno ya dhahabu unayaona."

"Na mmoja akifa humo ndani, anatolewaje?"

Mjomba hakushindwa na swali. Siku tatu mfululizo alisimulia, na siku ya tatu walikuja hadi watu wa kijiji cha pili. Alikuwa akiinuka anaigiza msoma habari, anakaa, anakuwa mwanamke anayeimba, anainuka tena. Nimeona televisheni nyingi baada ya hapo, lakini nakuapia, hakuna iliyonipa raha kama ile ya mjomba, na ilikuwa haina hata waya.

Mjomba hakuwa mwongo, masikini. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970. Sisi wa Bara ndio tulionyimwa. Mwalimu Nyerere aliona ni anasa ya wachache wa mjini, na tukakaa hivyo mpaka 1994, vituo vya watu binafsi kama ITV vilipoanza Dar es Salaam. Ya taifa, TVT, ikafuata mwaka 2000. Na ukisikia "Dar es Salaam" ujue Newala bado. Kusini kila kitu kilikuwa kinangoja pantoni ya Rufiji.

Basi jioni zetu zilikuwaje? Wanaume walikuwa kwenye chitala, kile kibanda cha katikati ya kijiji, moto umewashwa, mtu anachonga mpini, mwingine anabishana kuhusu mipaka ya mikorosho. Msimu wa korosho harufu ilikuwa ya kuungua: tunazikaanga kwenye bati, mafuta yanaruka, midomo inakuwa myeusi na kesho yake imebabuka. Wanawake walilala mapema, kwa sababu maji ya Newala yalikuwa huko chini bondeni, na alfajiri ya kwanza walikuwa tayari njiani na ndoo zao. Bomba lilikuwepo, lakini lilitoka siku lilipotaka lenyewe.

Sisi watoto tulikuwa wa bibi. "Hadithi, hadithi!" anaanza. "Hadithi njoo!" tunaitika. Na hapo ndipo penyewe, msomaji wangu: usipoitika, bibi anasimama. Kimya. Unasikia panzi tu, na bibi anauliza, "Mmekufa?" Hadithi yake ilikwenda kama kinu cha michi miwili. Mmoja akishusha, mwingine anapandisha. Ukiacha zamu yako, wa mwenzako unatwanga pembeni.

Redio ilipoingia haikutuharibu sana. Mjomba alikuwa na National ya betri, na betri zikichoka tulizianika juani zipate nguvu za siku mbili. Tukamsikia Deborah Mwenda katika "Mama na Mwana" ya Radio Tanzania, tukajaza wenyewe sura za watu wake. Lile dude lilitupa sauti, mengine likatuachia sisi.

Kisha video. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa Masasi mjini, na chini ya yale majabali kulikuwa na banda la magunia ambalo kila jioni lilitoa moshi wa jenereta na kelele za risasi. Ndani kuna benchi, jasho, na Rambo. Kiingereza hatukijui, lakini bunduki haihitaji mkalimani. Miaka ya baadaye yakaja makaseti yenye sauti ya Lufufu, yule bwana aliyeongea Kiswahili juu ya filamu za watu, anaongeza chumvi pale picha ilipopoa. Huyo nilimpenda. Alikuwa bibi yangu mwenye maikrofoni.

Nikarudi Newala mwaka mmoja wakati vijana wanatoka jandoni. Usiku ule ni wa midimu, ngoma yetu ya vinyago. Ngoma zimekazwa kwa moto, mapiko, vile vinyago vyenyewe, yako tayari, na wanawake wamejiandaa kukimbia kwa woga wasiokuwa nao, kama ilivyo desturi. Kumbe hatua mia mbili kutoka uwanjani mtu amewasha jenereta na anaonyesha "Commando". Ngoma inalia, jenereta inanguruma. Nikawaona vijana wanachomoka mmoja mmoja kwenye duara. Halafu likatoka lipiko la mwisho: uso wa mbao, umechongwa vizuri, kichwani kitambaa chekundu. Rambo! Lilicheza kwa mabega, likajipapasa kiunoni kutafuta kisu. Watu wakarudi mbio kutoka kwenye video, wakacheka mpaka wakakaa chini. Nilidhani usiku ule wachongaji wetu wameshinda.

Televisheni ya nyumbani kwetu ilikuja baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa Rufiji mwaka 2003. Ilikuwa ya chogo, inchi kumi na nne, nimeipakata kwenye basi kama mtoto mgonjwa. Tukaiweka uani, kijiji kikajaa. Fundi yuko kwenye ungo: "Hapo?" "Chenga!" "Na hapo?" "Rudisha, rudisha, usiguse!"

Bibi alikuwa hai bado, macho yamefifia. Msoma habari akasema, "Habari za jioni." Bibi akajitengeneza khanga. "Nzuri, baba. Habari za huko mlikotoka?" Yule bwana akaendelea na mambo ya mawaziri. Bibi akangoja. Akangoja tena. Watoto wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Mtu gani huyu," akasema, "anakusalimia halafu hangoji jibu?" Akaomba apelekwe ndani, na sikumbuki kama alikaa tena mbele ya televisheni ile.

Nilicheka na mimi, sikatai. Sikujua kwamba bibi ameona mapema kuliko sisi wote.

Uani televisheni haikukaa sana. Mvua, vumbi, wezi. Ikaingia sebuleni, na mlango una upana wake. Kisha kila mwenye korosho akanunua yake. Msimu ule wa 2016 kuelekea 2017, kilo ilipofika karibu shilingi 4,000, flatiskrini zilipanda Newala nyingi kuliko mabati. Sasa ving'amuzi vinatuletea tamthilia za Kituruki zinazosema Kiswahili safi kuliko changu, na wajukuu wamepewa majina ambayo mababu wakija kuyaita watajiuma ulimi. Kwenye chitala chetu panaegeshwa bodaboda.

Mwaka juzi nilikwenda kwenye matanga, Masasi. Tumekaa kwenye mikeka, mfiwa katikati yetu. Saa kumi na moja mmoja akainuka, "naenda chooni". Wa pili naye. Tumbo gani hili la ghafla? Tulipobaki sita, nyumba ya jirani ikalipuka: "Goooli!" Simba na Yanga. Mfiwa akainua kichwa, akauliza kwa upole, "Nani kafunga?" Hakuna aliyethubutu kumjibu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika Newala, nami niko kwetu na wajukuu. Giza totoro. Mdogo kabisa akanisogelea. Nikasema, "Hadithi, hadithi!" Kimya. Hawajui zamu yao. Nikawafundisha, wakaitika kwa aibu, nikaanza ya Sungura na kisima. Mpaka Sungura anatumbukiza mguu kisimani, wale watoto walikuwa wananiitikia kwa nguvu hadi jirani akaja kusikiliza mlangoni.

Taa ikawaka. Sebuleni ukapiga mlio wa taarifa ya habari, saa mbili kamili, na nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua nimesimama.

"Babu, halafu?"

"Ngojeni kidogo, nisikilize vichwa vya habari tu."

Sungura wangu bado ana mguu mmoja kisimani.